Bati la Mwekezaji na Tofali Letu

Maneno ya Kamati ya Miradi kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee

 

Mwenyekiti ametupa dakika ishirini na ametukumbusha kwamba pilau imekwisha kuiva. Basi shukrani kwa waliochanga mwaka jana hatutazirudia hapa. Majina yao yamechapwa kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Sisi tumekuja na jambo moja.

Mwaka huu wote, kwenye vikao na kwenye kundi letu la simu, swali hili limerudi mara nyingi: "Kwa nini mnatuchangisha sisi wakati nyumbani kumejaa makampuni? Wao ndio wanaovuna. Wajenge wao." Wengine wameliuliza kwa utani, wengine kwa hasira, na wapo ambao tangu waliulize hawajachanga tena. Ni swali la haki, na Kamati haitaki kulikwepa.

Ni kweli kwamba kwetu si jangwani. Mufindi kuna chai, kuna kiwanda cha karatasi Mgololo, kuna msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini. Iringa mjini kuna viwanda vya maziwa. Rungwe kuna chai, ndizi na parachichi. Mbeya kuna saruji, bia na soda. Chunya, na Songwe iliyokuwa Mbeya mpaka ilipofanywa mkoa mwaka 2016, kuna dhahabu. Benki zimefika hadi makao makuu ya wilaya ambako zamani mwalimu alipanda basi siku nzima kufuata mshahara. Mtu anayeyaona haya yote, halafu akaona watoto wanasomea kwenye darasa lisilo na madirisha, lazima aulize.

Lakini kabla ya kudai, tujue tunadai nini, na kwa nani. Tumeona kwamba watu wetu wengi, wakiwemo viongozi wa vijiji, wanaweka fedha za aina tatu kwenye kapu moja na kuziita "msaada wa mwekezaji". Si kitu kimoja.

Aina ya kwanza si msaada hata kidogo. Ni kodi na ushuru. Kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kampuni inayofanya biashara katika halmashauri hulipa ushuru wa huduma, ambao hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo yake. Soma vizuri: ya mauzo, si ya faida. Kampuni ikipata hasara bado inalipa. Mkulima naye ana wake: mazao yake yakitoka, kuna ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Fedha hizi zinaingia halmashauri, na njia ya kuzifuata ni diwani wako na baraza la madiwani. Mkurugenzi wa kampuni akisimama jukwaani akasema ametusaidia kwa kulipa ushuru, tumpigie makofi kwa kutii sheria, basi. Na halmashauri nayo isitumie madawati ya kampuni kama kisingizio cha kutofuatilia ushuru huo.

Aina ya pili ni wajibu uliowekwa na sheria juu ya ule ushuru. Hapa wenye bahati ni watu wa migodini. Sheria ya Madini ya 2010, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe pamoja na halmashauri ya mahali. Halmashauri ndiyo inayotakiwa kutoa mwongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Kwa hiyo kijana wa Chunya anayeuliza "mgodi umetufanyia nini" ana pa kuanzia: mpango wa mwaka huu uko wapi, na nani alikaa kikaoni kuukubali? Hiyo ni karatasi. Inaombwa halmashauri, inasomwa, inaulizwa maswali.

Aina ya tatu ndiyo hasa ile ambayo maofisa wanaitaja kwa herufi tatu, CSR, na kwa Kiswahili chetu ni uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Chai, mbao, saruji, maziwa, benki: huko hakuna kifungu cha kulazimisha kama cha migodini. Ni hiari. Benki ya NMB imekuwa ikitangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na tumeona matunda yake kwa macho: madawati, mabati, vitanda vya wodi. Lakini hiari ni hiari. Huwezi kumshtaki mtu kwa zawadi ambayo hakukupa.

Ndugu zetu, hebu tuzungumze kidogo juu ya zawadi zenyewe. Tumepita mwaka huu katika vijiji vyetu, upande wa Iringa na upande wa Mbeya, na tumekuta kitu kinachofanana kila mahali. Kinachotolewa ni kile kinachohesabika na kupigwa picha. Dawati linahesabika. Bati linahesabika. Kitanda cha hospitali kinapendeza kikiwa na shuka jipya na mgeni rasmi amekishika. Hatusemi kwa dharau. Mtoto anayekaa sakafuni mwezi wa Juni kule Mufindi, baridi inapanda kutoka kwenye saruji hadi mgongoni, hana haja ya kujua nembo gani imechorwa ubavuni mwa dawati. Anayetoa dawati ametoa.

Ila kuna vitu ambavyo hatujaona kampuni ikivikimbilia. Nyumba ya mganga. Choo cha walimu. Mpira wa bomba uliopasuka kilomita nne mlimani. Mafundi wawili wa maji wa kijiji na posho yao. Katika kijiji kimoja tulikuta jengo la zahanati limeezekwa vizuri kwa bati la msaada, limepakwa rangi, na bado halijapata mtumishi kwa sababu hakuna nyumba ya kulala. Nyumba yenyewe ipo, imefika kwenye linta. Wananchi walifyatua matofali, wakayachoma kwa kuni zao, wakajenga kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji. Wakaishia hapo. Mama mjamzito wa kijiji kile anabebwa kwenye pikipiki kupita mbele ya zahanati mpya, kwenda mbali.

Kile kipande kilichobaki, kutoka kwenye linta hadi kwenye kitasa cha mlango, ndicho ambacho chama kama chetu kinakiweza. Kampuni haikioni kwa sababu hakina uzinduzi.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi, nalo ni kumbukumbu. Wengi wetu hapa tumelelewa kwenye kivuli cha kiwanda au shamba. Tunakumbuka Mgololo. Kiwanda kile kilijengwa kikiwa mali ya umma, kwa mikopo mikubwa ukiwemo wa Benki ya Dunia, kikaanza kazi miaka ya 1980, na mji mzima ukazaliwa porini: nyumba, umeme, watu kutoka kila mkoa. Miaka ya 1990 mashine zikasimama. Walioishi kule wanajua jinsi mji unavyonyamaza mwajiri wake anaponyamaza. Baadaye kikapata mwekezaji binafsi, kikaamka. Leo magogo yanaingia na karatasi zinatoka. Lakini mtoto aliyekuwa darasa la tatu mashine ziliposimama hakusubiriwa na umri.

Au tazameni chai ya Mufindi. Ilianza na walowezi, ikaja Brooke Bond, na Brooke Bond ikanunuliwa na Unilever mwaka 1984. Kwa karibu miaka 40 mtu wa Mufindi alijua mlango wa kubisha. Mwaka 2022 Unilever ikakamilisha kuuza biashara yake ya chai kwa wawekezaji wa CVC, na kampuni ikachukua jina la Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Kenya, Rwanda na Tanzania yanauzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Hatusemi nani mzuri na nani mbaya. Tunasema hivi: majani ya chai yalikuwa palepale, wachumaji walewale, kijiji kilekile, na mwenye nyumba akabadilika. Ahadi aliyoitoa meneja kwa mdomo, akiwa amekunywa ulanzi wa heshima pale kwa mwenyekiti wa kijiji, inaondoka na meneja. Ahadi iliyoandikwa, ikasainiwa, ikawekwa nakala kijijini na nakala halmashauri, inaweza angalau kusomwa mbele ya mwenye mali mpya.

Wapo walioandikiana. Kampuni ya Green Resources, iliyoanzia Norway, ilipopanda miti Mapanda na Idete wilayani Mufindi, iliahidi vijiji jirani asilimia 10 ya mapato ya hewa ukaa. Wapo walioifurahia asilimia hiyo kabla ya kuuliza ni asilimia 10 ya nini. Si ya mbao, si ya nguzo. Ni ya kile kinachopatikana hewa ukaa ikiuzwa, na soko la hewa ukaa lina misimu yake kama viazi vya Uporoto. Mwaka ambao haikuuzwa, asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Hilo si kosa la mtu. Ni namna makubaliano yenyewe yalivyo. Lakini mwanakijiji anayelielewa tangu siku ya kwanza atapanga matumizi yake tofauti na yule aliyeambiwa tu kwamba "fedha za Wazungu zinakuja".

Na nyuma ya ahadi nyingi kuna ardhi. Hapa tunaomba mtusikilize, hasa ninyi mnaopigiwa simu na kaka zenu kijijini: "Kuna mwekezaji amekuja, anataka eneo, anasema atajenga zahanati. Tukubali?" Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu ya kukubali au kukataa uhamisho wa eneo lisilozidi hekta 250. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi unakwenda kwa Waziri. Watu wengi hawajui kinachofuata. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kwa ajili ya mwekezaji wa nje, inatoka kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akishindwa, akiuza au akiondoka, ardhi hairudi kijijini yenyewe kama ng'ombe wa jioni. Zahanati ina thamani, ndiyo. Lakini kijiji kinachotoa mlima mzima kwa miaka 99 na kupewa jengo la vyumba vitano hakijasaidiwa. Kimeuza, tena kwa bei ya kutupa. Hatukatai wawekezaji, ajira za miti na chai zimesomesha wengi waliokaa humu ndani. Tunachotaka ni kwamba mkutano mkuu ukae, uelezwe, uulize, na muhtasari uandikwe kabla ya mtu kuweka dole gumba.

Kuna mfano mmoja kutoka Rungwe ambao Kamati inaupenda. Wakulima wadogo wa chai wa kule, kupitia chama chao cha RSTGA, waliingia katika biashara ya haki, ile inayoitwa Fairtrade, na chai yao ikanunuliwa na makampuni kama Cafédirect ya Uingereza. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli vilipobinafsishwa, wakulima walibaki na hisa katika Kampuni ya Chai ya Wakulima. Utaratibu wa biashara ya haki uko hivi: juu ya bei ya chai mnunuzi hulipa nyongeza, na nyongeza hiyo haiingii mfuko wa kiwanda wala wa mkulima mmoja mmoja. Inakaa kwenye akaunti yake, na wakulima wenyewe hukutana kupigia kura matumizi yake. Kule Rungwe imejenga madarasa, zahanati na madaraja.

Sikieni tofauti. Si kwamba fedha ile ilikuwa nyingi kuliko ya makampuni mengine, na wala haikuwa ya uhakika: chai isipouzwa kwa soko hilo, nyongeza inapungua, na wakulima wa Rungwe wameonja misimu ya tabu sana. Tofauti ni nani alikaa mezani. Hakuna aliyekuja kutoka Dar es Salaam na lori la madawati katika kijiji kilichokuwa kinalilia daraja. Waliamua wenyewe kwamba mwaka huu daraja, mwakani darasa. Waligombana pia, kwa sababu kila kata inataka daraja lake. Lakini ugomvi wa namna hiyo ni wa watu wanaojua kilichomo kwenye akaunti.

Kwa hiyo tunarudi kwa aliyeuliza kwa nini achange. Ndugu yetu, makampuni hayawezi kuchukua nafasi yako, na wewe huwezi kuchukua nafasi yao. Wazazi wetu walilijua hili. Miaka ya 1980, shule za sekondari za serikali zilipokuwa za kuhesabu kwa vidole, watu wa Njombe, Mufindi, Rungwe na kwingineko hawakungoja. Walichangishana, wakaunda mifuko ya elimu ya wilaya, wakajenga sekondari zao. Baadhi yenu mmevaa sare za shule hizo. Wamisionari walisaidia, serikali ilisaidia, mashamba yalisaidia. Lakini aliyeanza kuchimba msingi alikuwa mwenye mtoto.

Kamati inaomba fedha ya leo ifanye kazi ambayo hakuna kampuni itakayoifanya. Sehemu kubwa iende kumalizia: zile nyumba za watumishi zilizokwama kwenye linta, kwanza zile zilizo karibu na zahanati ambazo tayari zimeezekwa. Tumezipitia tukiwa na fundi, na orodha yake imewekwa kwenye ubao mlangoni, kila kijiji na kilichopungua, mbao, milango, vioo, dari. Mtu anayetaka kubeba milango ya nyumba moja peke yake anaruhusiwa. Anayetaka kubeba kitasa kimoja anaruhusiwa pia.

Sehemu nyingine, ndogo, iende kwenye karatasi. Hapa tunajua wapo wajumbe walionuna kwenye kikao kilichopita. Walisema karatasi si maendeleo, mtu hawezi kuizindua. Tunaheshimu mawazo yao, lakini hatukubaliani nao. Kijiji kinachotaka msaada wa kampuni au benki kinahitaji muhtasari wa mkutano mkuu, makisio ya mhandisi wa halmashauri, maelezo ya nguvu ambayo wananchi wameshaweka, na jina la kamati itakayotunza mradi. Vijiji vingi vinapeleka barua ya mistari sita iliyoandikwa kwa mkono, tena baada ya kampuni kufunga bajeti yake ya mwaka. Barua inawekwa pembeni, na watu wanasema mwekezaji ana roho mbaya. Tunao humu ndani wahandisi, wanasheria, wahasibu, walimu waliostaafu. Tunaomba kila mmoja atoe siku chache za likizo, akienda nyumbani Desemba kula mahindi mabichi, akae na mtendaji wa kijiji chake waandae jalada moja: ardhi ya kijiji imehamishiwa nani na lini, ahadi gani zilitolewa, zipi zimetimizwa, ushuru gani unalipwa, mradi gani umekwama. Fedha tunayoomba ni ya nauli, nakala, na mhandisi wa kupima. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na jalada hilo lisomwe hapo kwa lugha ambayo bibi anaielewa, hata kama ni Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au Kibena.

Sehemu ya mwisho ni ya matunzo. Tunapendekeza kila mradi ambao chama kimegusa uwekewe akiba kidogo, isiguswe kwa kitu kingine, ya kununua bomba linapopasuka na betri inapokufa. Haina sifa, haina utepe wa kukata. Tumeiweka kwa sababu katika ziara yetu tumeona visima vitatu vizuri sana ambavyo havitoi maji.

Makampuni yaliyoleta wawakilishi wao leo, na tunawaona mmekaa pale kwenye meza ya tatu, karibuni sana. Hatujawaita ili tuwatukane wala ili tuwapigie magoti. Orodha ya mlangoni ni yenu pia. Tunaloomba kwenu ni moja: kabla ya kupakia lori, mpigieni mtendaji wa kijiji na kumuuliza kitu gani kimepungua. Na mkishatoa, tuandikiane.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zetu zimekwisha. Daftari la ahadi liko kwa Mweka Hazina, meza ya kushoto karibu na dirisha, na la pili liko kwa Umoja wa Akina Mama. Wanaochanga kwa simu watasomewa namba na Katibu, na stakabadhi itatolewa papo hapo. Msiondoke bila stakabadhi. Wahandisi na wanasheria wanaojitolea waandike majina yao na kijiji chao kwenye karatasi ya njano. Wa Mbeya na wa Iringa mtaonana na Kamati baada ya chakula ili tupange nani anakwenda wapi Desemba, kabla mabasi hayajajaa.